Risasi Tatu za Dallas: Kwa Nini Historia Inakataa Kuwa Gemu

Leo nataka tuzungumze juu ya gemu moja ambayo wengi wenu huenda hamkuiona, wala sidhani ni lazima muione. Inaitwa JFK Reloaded. Ilitolewa na kampuni ndogo ya Scotland iliyoitwa Traffic, tarehe 22 Novemba 2004, siku ilipotimia miaka 41 tangu Rais John F. Kennedy wa Marekani auawe mjini Dallas. Ilipakuliwa kwenye intaneti kwa dola 9.99. Ukiifungua unajikuta dirishani, orofa ya sita ya jengo la Texas School Book Depository, bunduki mkononi. (Orofa ya sita kwa hesabu ya Wamarekani. Wao huanza kuhesabu orofa kutoka 1, sisi huanza kutoka 0 kama waandishi wa programu, kwa hiyo kwetu ni ya tano.) Msafara wa magari unapinda kona chini yako. Kazi yako ni kupiga risasi tatu kama alivyozipiga Lee Harvey Oswald kulingana na ripoti ya Tume ya Warren. Ukimaliza, kompyuta inakupa alama kati ya 0 na 1,000. Ukimpiga mtu asiyefaa, kwa mfano Bi. Jacqueline Kennedy, unakatwa alama.

Kelele zilianza mara moja. Msemaji wa Seneta Edward Kennedy, mdogo wake marehemu, alisema ni jambo la kuchukiza. Mkuu wa kampuni, Kirk Ewing, alijitetea kwamba nia yao ni kuwavuta vijana kwenye historia na kuzima nadharia za njama kwa kuonyesha kuwa mtu mmoja angeweza kuifanya kazi ile peke yake. Wakatangaza zawadi ya hadi dola 100,000 kwa atakayeikaribia zaidi ripoti ya Tume. Shindano lilipofungwa mwaka 2005, mshindi alikuwa na alama 782.

Swali la heshima kwa wafu nitalirudia. Lakini mimi naandika programu kwa riziki yangu, na kuna swali jingine ambalo sikuona wengi wakiliuliza wakati ule. Tuseme tumekubaliana kwamba ni halali. Je, jambo lenyewe linawezekana? Unaweza kweli kuchukua tukio la kupigwa risasi lililotokea na kuliweka ndani ya kompyuta kama lilivyokuwa?

Nimechagua kisa hiki kwa sababu ndicho chenye data nyingi kuliko vyote. Kikishindikana hiki, vingine havina tumaini.

Haya, tuanze na data. Siku ile fundi wa nguo za kina mama aitwaye Abraham Zapruder alisimama juu ya nguzo fupi ya saruji kando ya barabara na kamera yake ya milimita 8. Alipata kama sekunde 26 za filamu, fremu 486 hivi. Baadaye FBI waliipima kamera ile wakaona ilikuwa ikienda kwa wastani wa fremu 18.3 kwa sekunde. Ni kama Mungu alikuwa amewawekea wachunguzi saa ya ukutani. Tume ilitumia fremu hizo kupima kila kitu: gari lilikuwa likienda kwa wastani wa maili 11.2 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 18. Risasi ya kichwa ilitua kwenye fremu ya 313, gari likiwa umbali wa futi 265, yaani mita 81, kutoka dirishani.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Fremu 18.3 kwa sekunde maana yake baina ya fremu moja na nyingine kuna milisekunde 55 hivi. Katika muda huo gari linasogea sentimita 27. Hiyo si mbaya. Lakini risasi ya bunduki ile, Mannlicher-Carcano ya Kiitaliano ya milimita 6.5, ilitoka mdomoni kwa kasi ya futi 2,165 kwa sekunde, kama mita 660. Katika milisekunde 55 imeshakwenda zaidi ya mita 30. Filamu haioni risasi. Inachoona ni watu, na kutokana na watu tunakisia risasi ilipita lini na wapi.

Ndani ya gemu tatizo lilelile linarudi kwa mlango mwingine. Injini ya fizikia ikipiga hatua 60 kwa sekunde, risasi inaruka mita 11 kila hatua. Hatua moja iko mbele ya gari, hatua inayofuata iko nyuma yake, na katikati haikugusa kitu. Waliowahi kuandika gemu za kupiga risasi wanaujua ugonjwa huu. Dawa yake ni kuacha kuisukuma risasi kama mpira na badala yake kuchora mstari kutoka hatua hii hadi ile, kisha kuuliza mstari umekata nini. Hilo linatatulika. Nalitaja mapema kusudi msije mkadhani ugumu uko hapo. Hesabu ya risasi ni sehemu rahisi.

Ugumu wa kwanza wa kweli ni mahali walipokuwa watu. Gavana John Connally wa Texas alikaa mbele ya Kennedy, naye alijeruhiwa. Tume ilisema risasi moja ilipita shingoni mwa Rais ikaingia mgongoni mwa Gavana. Watu wakaichora kwenye karatasi, Gavana akiwa mbele sawasawa na Rais, wakaona risasi ingelazimika kupinda kona hewani. Wakaiita risasi ya miujiza. Lakini Connally hakuwa amekaa kwenye kiti cha kawaida. Alikuwa kwenye kiti cha kukunja kilichokuwa chini kwa inchi kama 3 kuliko cha nyuma, na kilichosogezwa ndani kutoka mlangoni kwa inchi kama 6. Ukimsogeza Gavana hadi mahali pake, mstari unanyooka. Dale Myers, aliyeanza miaka ya 1990 kulijenga tukio hili kwenye kompyuta, alionyesha hivyo katika kipindi cha televisheni ya ABC mwaka 2003. Nusu karne ya ubishi ilining'inia kwenye sentimita 15 za kiti! Kila mtu anayejenga modeli ya pembe tatu na kuiweka mahali "kwa kukadiria" na alikumbuke hilo.

Na msidhani kwamba kukadiria kulianza na kompyuta. Tume yenyewe iliigiza tukio hili barabarani tarehe 24 Mei 1964. Gari la Rais halikupatikana, lilikuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo walitumia gari jingine la walinzi. Waliokaa humo wakawa juu kwa inchi 10 kuliko walivyokaa wenyewe, na hesabu zikabidi zirekebishwe. Miezi sita tu baada ya tukio, mahali palepale, na serikali nzima ikisimamia, tayari walikuwa wanaweka kiraka.

Ugumu wa pili ni bunduki yenyewe. Oswald aliiagiza kwa posta pamoja na darubini yake, ikamgharimu dola 21.45 na usafirishaji ndani. Wataalamu wa jeshi walipoijaribu ilibidi waitilie darubini vipande vyembamba vya chuma ndipo ilenge sawa. Je, ilikuwa imepinda tangu mwanzo, au iliharibika ilipofichwa baina ya makatoni baada ya tukio? Au alilenga kwa macho tu bila darubini? Hakuna ajuaye. Lakini programu haikubali "hakuna ajuaye". Programu inataka namba. Ukiandika sifuri umeshasema darubini ilikuwa sawa, ukiandika namba nyingine umeshasema haikuwa sawa, na mchezaji dirishani hatajua kamwe kwamba ulichagua.

Kisha kuna mkono wa binadamu. Wachunguzi walipima wakaona bunduki ile haiwezi kupigwa, kukokiwa na kupigwa tena chini ya sekunde 2.3. Mwaka 1967 televisheni ya CBS ilijenga mnara na shabaha inayotembea kwenye reli, ikaita walenga shabaha 11. Kwa wastani walipiga risasi tatu kwa sekunde 5.6. Lakini kati ya majaribio yao 37, majaribio 17 hayakuhesabiwa kwa sababu bunduki iliwasumbua. Bunduki ya gemu haikwami. Kipanya hakina uzito, hakitetemeki, hakitoki jasho. Hofu ya mtu anayejua amebakisha dakika chache kabla polisi hawajapanda ngazi haimo ndani ya kipanya.

Ugumu wa tatu ni mwili. Mwaka 2004 gemu zilikuwa zimegundua mbinu ya kumfanya mtu aanguke kama mwanasesere wa kitambaa, viungo vikifuata fizikia badala ya kuchorwa. Ilionekana ajabu kubwa. Lakini mwanasesere wa kitambaa ni maiti tangu mwanzo. Mtu aliye hai ana misuli inayokaza, ana neva zinazoruka. Kennedy pia alikuwa amefunga mkanda mgumu kiunoni kwa ajili ya maumivu ya mgongo, na ulimshikilia wima. Jinsi kichwa chake kilivyosogea baada ya fremu ya 313 ndiyo hoja iliyobishaniwa kuliko zote, na ndiyo hasa ambayo mwanasesere hawezi kuijibu.

Lakini yote haya, ndugu msomaji, ni mambo ya bajeti. Mpe mtu miaka kumi na fedha za kutosha, atapima kila kiti na kila mti. Kuna ukuta mmoja ambao bajeti haiubomoi, nao ni zile alama.

Ili kompyuta ikupe alama 782 kati ya 1,000, lazima ndani yake kuwe na jibu sahihi la kulinganishia. Jibu hilo ni lipi? Ripoti ya Warren ya mwaka 1964 ina kurasa 888, na ukiisoma kwa makini utakuta haikumaliza maneno. Ilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba risasi moja ilikosa, lakini haikuamua ni ipi. Kama ni ya pili iliyokosa, tukio lote lilichukua sekunde 4.8 hadi 5.6. Kama ni ya kwanza au ya tatu, lilichukua angalau sekunde 7.1 hadi 7.9. Risasi iliyompata Rais shingoni ilipigwa mahali fulani kati ya fremu ya 210 na ya 225. Ni ripoti iliyojaa "kati ya" na "huenda". Ukiigeuza kuwa alama, lazima kila "huenda" ife. Mtu anakaa ofisini anaamua: ya kwanza ndiyo iliyokosa. Nukta.

Isitoshe, hiyo ni ripoti moja. Mwaka 1979 kamati ya Bunge la Wawakilishi ilisema Oswald ndiye aliyemuua Rais, lakini ikaongeza kuwa huenda kulikuwa na mpigaji wa pili, kwa kutegemea rekodi ya sauti ya redio ya polisi. Risasi ya shingoni ikaiweka karibu na fremu ya 190, wala si 210. Mwaka 1982 jopo la wanasayansi likaichambua sauti ile likasema hoja haisimami. Sasa fikiria gemu hiyohiyo ungeiandika mwaka 1980 ukiwa na ripoti ya 1979 mezani. Mchezaji aliyepata alama kamili kwa ripoti ya kwanza angepoteza alama kwa ya pili, na wala hajabadilisha hata risasi moja. Ndiyo kusema alama hazipimi ukaribu wake na historia. Zinapima utiifu wake kwa karatasi fulani.

Na hapo ndipo hoja ya Ewing inapovunjika pande zote mbili. Mchezaji akifaulu, imethibitishwa kwamba jambo linawezekana ndani ya dunia ambayo namba zake zilichaguliwa ili liwezekane. Akishindwa, wapenda njama watashangilia kwamba haiwezekani, na hao pia watakuwa wamekosea. Mwaga mchanga mezani uupige picha. Sasa uokote uumwage tena mpaka utoke vilevile, punje kwa punje. Hutaweza hata ukijaribu hadi uzeeni, lakini mara ya kwanza ulimwagika hivyohivyo bila shida yoyote. Jambo lolote lililokwisha kutokea, ukilidai kwa undani wake wote, ni gumu kulirudia. Ugumu wa kulirudia si ushahidi kwamba halikutokea. Oswald hakuwa akijaribu kupata alama 1,000. Hakuwa na karatasi ya kufuata. Mchezaji anayo, na kwa hiyo kazi anayoifanya si ile aliyoifanya Oswald hata kidogo.

Sasa nirudi kwenye heshima, kwa sababu naona swali la ufundi limetufikisha huko lenyewe. Gemu inapokupa bunduki na alama, inakufundisha kuona mambo kama anavyoyaona mwenye bunduki: umbali, kasi, mahali pa kulenga. Rais anakuwa shabaha, mkewe anakuwa kosa la kukatwa alama. Zapruder mwenyewe, alipoiuza filamu yake kwa jarida la Life, aliomba fremu ya 313 isichapishwe. Umma wa Marekani haukuiona filamu ile kwenye televisheni ya kitaifa hadi Machi 1975. Huyo ndiye aliyekuwa na ushahidi bora kuliko wote, na ndiye aliyeogopa zaidi matumizi yake.

Je, maana yake gemu zisiguse mambo haya? Sisemi hivyo. Angalia mfano wa upande wa pili. Mwaka 2005 Danny Ledonne alitoa Super Columbine Massacre RPG!, juu ya mauaji ya shule ya Columbine, Colorado, ya tarehe 20 Aprili 1999, ambapo wanafunzi 12 na mwalimu 1 waliuawa. Picha zake ni za katuni za kizamani, hakuna hesabu ya risasi yoyote. Badala yake alijaza maneno yaliyotoka kwenye kumbukumbu za wauaji wenyewe. Iliteuliwa kwenye shindano la Slamdance kisha ikaondolewa Januari 2007, na watengenezaji kadhaa wakaziondoa gemu zao kwa kupinga. Naona yeye alielewa kwamba ukweli wa mauaji hauko kwenye njia ya risasi. Hata hivyo bado alimweka mchezaji ndani ya viatu vya muuaji, na kwa wazazi wa watoto wale sijui kama tofauti ilionekana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2016, 1979 Revolution: Black Friday. Aliyeiongoza, Navid Khonsari, ana asili ya Iran, na kabla ya hapo alifanya kazi kwenye Grand Theft Auto, kwa hiyo bunduki za gemu anazijua vizuri. Tukio ni la tarehe 8 Septemba 1978, wanajeshi walipowafyatulia risasi waandamanaji mjini Tehran. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: serikali ilitaja makumi, wapinzani walitaja maelfu. Khonsari hakuhitaji kuchagua namba, kwa sababu mchezaji wake ni mpiga picha. Unapiga picha barabarani, na gemu inakuwekea kando yake picha halisi ya siku zile. Unajua tu kile ambacho mtu mmoja aliyesimama pale angekijua. Serikali ya Iran iliipiga marufuku.

Na kwetu je? Mwaka 1960 Tom Mboya alimwendea Seneta Kennedy kuomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Ndiyo, kiasi kilekile ambacho miaka 44 baadaye kiliahidiwa atakayemwua vizuri Kennedy wa kompyuta. Mboya naye alipigwa risasi, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akitoka kwenye duka la dawa Government Road, barabara tunayoiita Moi Avenue leo. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa mwaka uo huo. Hakukuwa na Zapruder pale. Hakuna fremu 18.3 kwa sekunde. Kuna waliokuwepo, kuna hati za mahakama, na kuna swali la nani alimtuma, ambalo Wakenya wengi hawakuridhika na jibu lake.

Kuijenga barabara ile kwenye kompyuta kwa zana za leo kungechukua wiki chache tu. Mpe mchezaji bastola na alama, na utakuwa umeandika hukumu: mtu mmoja, bastola moja, kesi imefungwa. Kijana wa miaka 15 akiicheza atatoka akijua kitu ambacho taifa zima halikijui, naye atakuwa na hakika kwa sababu alikifanya kwa mkono wake.

Kwa hiyo mimi nina kanuni mbili, na yeyote anayefikiria kazi ya aina hii nampa bure. Ya kwanza, msimamishe mchezaji pale aliposimama shahidi, asione zaidi ya alichokiona yeye. Dallas ningempandisha kwenye nguzo ya saruji na kamera. Nairobi ningemweka kando ya barabara, miongoni mwa watu wa Jumamosi mchana. Ya pili, usitoe alama. Pale ambapo ripoti imesema "kati ya fremu ya 210 na 225", acha pawe na ukungu wa upana huohuo kwenye skrini, mchezaji auone kwa macho yake. Gemu ya namna hiyo haitakuwa na mshindi, na huenda isiuzwe sana. Lakini atakayeizima atakuwa bado na swali kichwani, kama tulivyo nalo sisi wengine.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.